Moto Tuliouzoea

Kiangazi kimeingia Ufipa; nyasi zimekauka, na jioni twaona moshi ukipanda upande wa milima ya Mbizi. Tukiulizwa, twajibu, “Ni moto wa mashamba tu.” Nasi mwaka uliopita tulijibu vivyo hivyo, na usiku moto ukala ghala la ulezi la mjane jirani yetu. Tangu hapo twaikumbuka habari ya Peshtigo.

Peshtigo ulikuwa mji wa wapasua mbao katika jimbo la Wisconsin, Marekani, wenye watu wapata 2,000. Palikuwa na kinu cha kupasulia mbao na kiwanda kikubwa cha ndoo na mapipa ya mti. Nyumba zilikuwa za mbao, na maranda yalitapakaa njiani. Mwaka 1871 mvua ilikuwa haba. Wakulima walichoma visiki, wajenzi wa reli walichoma magogo, wala hakuna aliyeshangaa. Mwezi wa Septemba moto ulikaribia mji, watu wakauzuia kwa maji. Kisha wakauzoea moshi.

Usiku wa Jumapili, tarehe 8 Oktoba, upepo mkali ulivuma, ukaikusanya mioto ile midogo ikawa mmoja. Kwa muda wa saa chache mji wote uliteketea, kiwanda na kanisa pamoja. Katika nchi ile waliokufa hukadiriwa kuwa 1,200, na wengine husema walipita 2,000. Padre Peter Pernin aliburuta gari lake lenye tabernakulo hata mtoni. Akakaa majini pamoja na watu zaidi ya saa tano, wakijimwagia maji vichwani. Ndivyo walivyopona.

Wazee wetu waliyeyusha chuma katika malungu, tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu. Moto wao ulikuwa na ukuta, tena ulikuwa na wenyewe. Wa kwetu leo una nini?

Basi, ndugu, kabla ya kuchoma shamba tulime njia pana kulizunguka. Tungoje upepo utulie, tuwaite majirani, tuweke maji karibu. Wala tusirudi nyumbani kabla majivu hayajapoa. Na mtu akisema, “Ni moto tu,” tuinuke twende tukautazame.