Namba Haitoshi: Buti la Mchimbaji Lipimwe Mguuni

Katika machimbo ya Geita na Kahama, mara nyingi mchimbaji huulizwa swali moja tu kabla ya kukabidhiwa mabuti: anavaa namba ngapi? Akitaja 42, hupewa jozi yenye namba hiyo, na usalama wa miguu yake huhesabiwa kuwa umekwisha kushughulikiwa. Utaratibu huo ni mwepesi, lakini kitabibu ni pungufu. Namba hukadiria urefu. Haisemi lolote kuhusu upana wa wayo, unene wa mguu kwa juu, wala umbo la kisigino. Aidha, 42 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na 42 ya kiwanda kingine.

Huko Ulaya, mtu anayenunua viatu vya kutelezea kwenye theluji hupimwa kwa makini. Muuzaji mwenye ujuzi hutoa bitana ya ndani, humwagiza mteja aingize mguu mpaka vidole viguse mbele, kisha hupima kwa vidole vya mkono nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Bitana hurudishwa, viatu hufungwa, na mteja hukaa navyo kwa muda akikunja magoti. Ikiwa mtu anayekwenda kucheza hupewa nafasi hiyo, anayeshuka duarani kwa ngazi ya miti, akikanyaga matope na mawe kwa saa nyingi, anaistahili zaidi.

Buti linalobana hukandamiza vidole kwenye chuma kinachovilinda. Kucha huvia damu na sugu huota. Buti lililopwaya nalo si salama: kisigino hupanda na kushuka, ngozi huchubuka na kufanya malengelenge, na mguu huweza kuteleza ngazini. Maji yakiingia, ngozi hulainika na kuvu huota kati ya vidole. Mpasuko mdogo wa aina hiyo hutosha kuwapitishia bakteria.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye kisukari ambaye neva za miguu zimedhoofika. Huyo hahisi maumivu ya kumwonya. Pengine huchagua kiatu kinachobana kwa sababu ndicho pekee anachokihisi mguuni. Lengelenge asiloliona Jumatatu huweza kuwa kidonda kabla ya wiki kwisha. Kidonda kikichelewa kutibiwa huweza kuoza, na mguu ukakatwa. Kwa mtu anayelisha familia kwa sururu na karai, kupoteza mguu ni kupoteza riziki.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mabuti yajaribiwe alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga. Mchimbaji avae soksi zilezile za kazini, ajaribu miguu yote miwili, na achague kwa kufuata mguu mkubwa zaidi. Kwanza, soli ya ndani ikitoka, aitoe na kuikanyaga akiwa amesimama: wayo ukimwagika pembeni, buti ni jembamba mno. Pili, akiwa amelivaa, asogeze mguu mbele mpaka vidole viguse. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino bila kulazimishwa. Tatu, atembee, achuchumae, na ashuke mteremko au ngazi. Vidole vikigonga mbele, au kisigino kikichomoka, jozi hiyo irudishwe. Mwisho, avue na kutazama ngozi: alama nyekundu isiyofifia upesi ni onyo. Mwenye ganzi miguuni asitegemee hisia zake hata kidogo. Apimwe na mhudumu wa afya.

Watakuwapo watakaosema kwamba mchimbaji mdogo hununua mabuti mnadani, hana stoo wala bwana usalama. Ni kweli, lakini kujaribu hakuna malipo, na mabuti yasiyoenea ni hasara hata yakiwa ya bei nafuu. Wenye maduara wanaopokezanisha jozi moja zamu kwa zamu nao wafahamu kuwa miguu ya watu wawili hailingani, na kwamba kuvu huhama pamoja na buti.

Kwa upande wa waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka wawapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Buti lisilomwenea mvaaji halimkingi. Hubadilisha tu aina ya jeraha. Stoo ziwe na upana tofauti, mfanyakazi aruhusiwe kubadilisha jozi bila kukatwa mshahara, na vituo vya afya vya maeneo ya machimbo vikague mguu na buti kwa pamoja, hasa kwa wenye kisukari.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeagiza mabuti kwa orodha ya namba hayalalii. Basi kabla ya saini kuwekwa, mwenye mguu apewe nafasi ya kusimama, kutembea na kusema.