Nyumba Njema Si Mlango

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Milango ya Visiwani imenakshiwa kwa ustadi unaosifiwa na kila mgeni. Lakini nyuma ya baadhi ya milango hiyo limo jambo ambalo sisi tunaona wakati umefika lisemwe waziwazi.

Hatuzungumzii kipigo. Kipigo huacha alama, na mwenye alama hupata wa kumwonea huruma. Tunazungumzia mateso yasiyoacha alama: mume akaaye majuma mazima bila ya kuitikia salamu ya mkewe, asusaye chakula mbele ya watoto ili mama yao aonekane hafai, amkatazaye kwenda kuwatazama wazazi wake, alitajaye neno talaka kila chumvi inapozidi. Tunamzungumzia mama wa Paje au Jambiani aliyeshinda ndani ya maji ya magoti akishughulikia mwani wake, akarejea nyumbani kuulizwa alikuwa na nani pwani, kisha fedha zake zikachukuliwa na akaambiwa ashukuru kwamba ameolewa.

Mwanamke huyo akenda kwa sheha, mara nyingi swali la kwanza huwa: "Amekupiga?" Akijibu hapana, huambiwa arudi akavumilie, kwani ndoa ni kuvumiliana. Naye hurudi. Mume akishaona kwamba mlalamikaji amerudishwa, hutambua kuwa hana wa kumwuliza, na mateso huzidi.

Wako watakaosema kwamba siri ya nyumba haitolewi nje. Nasi twaiheshimu sitara. Lakini sitara imewekwa kumhifadhi mtu na aibu, haikuwekwa kumhifadhi dhalimu na lawama. Dini ya walio wengi Visiwani imewaamuru waume wakae na wake zao kwa wema au waachane nao kwa wema. Haikuwapa njia ya tatu.

Sheria nazo zimeanza kuliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, imeutaja ukatili, uwe wa mwili au wa akili, kuwa miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Sheria hiyo haitumiki kwetu, ambako ndoa za Waislamu huamuliwa na Mahakama za Kadhi. Hata hivyo, Tanzania nzima inafungwa na Itifaki ya Haki za Wanawake wa Afrika iliyopitishwa Maputo mwaka 2003, ambayo inahesabu madhara ya nafsi na ya uchumi kuwa ni ukatili sawa na yale ya mwili.

Tatizo lililobaki ni ushahidi. Jicho lililovimba hujieleza lenyewe mbele ya hakimu; moyo uliovunjwa kidogo kidogo kwa miaka kumi hauna cha kuonyesha. Ndiyo maana mwanamke asiyeweza kuthibitisha dhara huishia kujikomboa kwa khului, akarejesha mahari yake kana kwamba mkosa ni yeye.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa Serikali. Kila sheha na aagizwe kuliandika katika daftari lake kila lalamiko la namna hii, pamoja na tarehe na maneno ya mlalamikaji, hata kama hapana damu iliyomwagika. Daftari hilo litakuwa shahidi wake siku atakapofika kwa kadhi. Askari polisi, na watumishi wa vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, nao waache kutafuta jeraha kwanza; waanze kwa kusikiliza.

Na kwa waume wenzetu tunasema: heshima ya mwanamume haipimwi kwa ukimya wa mkewe. Nakshi za mlango huonwa na wapita njia. Yaliyomo ndani huonwa na watoto wetu, nao ndio watakaoyarithi.