Alama ya ubora huvuka mpaka, jina la bidhaa hubaki nyumbani

Mfuko wa unga wenye alama ya ubora ya TBS ukivuka Namanga, alama hiyo inatambuliwa upande wa Kenya. Vivyo hivyo kwa alama za KEBS na UNBS, chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006. Lakini jina lililochapishwa kwa herufi kubwa mbele ya mfuko huohuo halina bahati hiyo. Alama ya biashara iliyosajiliwa Tanzania haina nguvu Kenya, na ya Kenya haina nguvu Uganda.

Hapo ndipo migogoro ya majina yanayofanana inapoanzia.

Chukua mfano wa msindikaji wa Arusha anayeuza unga wa lishe Kajiado kwa miaka mitatu bila kusajili jina lake Kenya. Mtu mwingine akiwahi KIPI na jina linalokaribiana nalo, kwa bidhaa ya aina hiyohiyo, aliyetangulia sokoni ndiye atakayejikuta akijitetea. Sheria inampa siku 60 za kupinga tangu ombi litangazwe katika jarida rasmi. Tanzania na Uganda muda ni huohuo. Lakini lazima aonyeshe kwamba wanunuzi wa Kenya walishamjua. Ushahidi ni ankara, risiti na hati za forodha, na wengi wa mpakani huuza taslimu bila karatasi.

Kosa jingine ni kudhani cheti cha jina la biashara kinatosha. Cheti hicho kinaruhusu kufanya biashara kwa jina fulani. Hakimpi mwenye nacho haki ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye bidhaa. Kenya kazi hizo mbili zinafanywa na ofisi mbili tofauti. Tanzania Bara zote ziko BRELA, lakini ni maombi mawili tofauti. Zanzibar ina msajili wake, BPRA, hivyo hata ndani ya Jamhuri ya Muungano usajili mmoja hautoshi.

Kubadili herufi moja nako si kinga. Kinachopimwa ni iwapo mnunuzi wa kawaida, akiliona au kulisikia jina, anaweza kudhani bidhaa zote mbili zinatoka kwa mtu mmoja.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kushirikiana katika miliki bunifu. Hata hivyo, hakuna ombi moja linalofunika Jumuiya nzima. Kenya na Rwanda zimo katika Mfumo wa Madrid. Tanzania na Uganda zimo katika Itifaki ya Banjul ya ARIPO. Kampuni kubwa yenye wanasheria huimudu safari hiyo ya ofisi hadi ofisi. Mwenye mashine moja ya kusaga haimudu.

Mpaka viongozi watakapolipa jina uzito waliolipa alama ya ubora, hesabu ya mfanyabiashara mdogo ni hii: achague nchi moja anakouza zaidi nje ya kwao, atafute kwanza kama jina liko huru huko, kisha apeleke ombi kabla ya kuchapisha mifuko mipya. Na kila mzigo unaovuka, karatasi yake itunzwe.