REDIO INAKUJA MANUNDU, NA SISI NI "BURUDANI NYINGINE"

Juma lililopita gari lenye vipaza sauti lilizunguka mitaa ya Manundu tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Lilipita sokoni, likasimama mahali mabasi ya Arusha na Dar es Salaam yanaposhusha abiria, kisha likateremka mpaka karibu na reli. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba redio moja ya Dar es Salaam itakuja hapa kwetu Jumamosi ya wiki ijayo, muziki upigwe uwanjani mbele ya watu na urushwe hewani saa ile ile, nchi nzima isikie. Nami nikasimama pamoja na wananchi wengine kusikiliza majina. Yakasomwa majina saba ya waimbaji kutoka Dar es Salaam, kila moja na lakabu yake na sifa zake: huyu simba, huyu malkia, huyu rais wa sijui wapi. Mwisho kabisa, pumzi zikiwa zimekwisha kumwishia, mtangazaji akamalizia: "Na burudani nyingine kutoka hapa hapa Korogwe!"

Ndugu wasomaji, hiyo "burudani nyingine" mimi naijua. Ni kikundi cha selo cha Wazigua kutoka upande wa Handeni. Ni wazee wa mdumange watakaoteremka kutoka milimani kwa Wasambaa. Ni kina mama wa taarabu wa hapa Manundu, na vijana watatu wenye magita mawili na ngoma moja ambao hujifunzia uani kwa fundi cherehani. Wote wana majina. Baadhi yao wamekuwa wakiimba tangu kabla mtangazaji yule hajazaliwa.

Nikauliza wameitwa kwa masharti gani. Jibu nililopewa ni hili. Wafike saa nne asubuhi. Wapige mpaka jioni ili watu wakusanyike. Ifikapo saa kumi na mbili, taa zikiwashwa na mitambo ikianza kurusha, watelemke jukwaani wawapishe wageni. Sauti zao hazitakwenda hewani, bali zitanaswa "kwa kumbukumbu". Malipo ni soda, chakula cha mchana, na fulana moja moja yenye tangazo la biashara kifuani.

Tazameni jambo hili vizuri. Mwenye kukusanya watu ni Mzigua na Msambaa. Watu wakikwisha kukusanyika, mwenye tangazo la biashara analipa kwa sababu ya wingi wao, na fedha zile zinapanda basi kurudi Dar es Salaam. Ngoma yetu imefanywa fagio la kufagia uwanja! Hii si heshima kwa utamaduni, ni mirija ile ile tuliyoambiwa imekatwa, isipokuwa safari hii imepakwa rangi na kuwekewa taa.

Yafaa niseme mapema kwamba sina ugomvi na vijana wale saba. Ni ndugu zetu, wengine wametoka vijijini kama sisi, na wengi wao wananyonywa na mameneja wao kuliko tunavyodhani. Anayedhani nataka muziki wa vijana ufungiwe amenisoma vibaya. Nitakwenda uwanjani Jumamosi ile, na huenda nikacheza. Ugomvi wangu ni juu ya nani anatajwa na nani hatajwi, nani analipwa na nani anapewa fulana.

Hata zile habari za wanamuziki wanazotuletea hewani kila jioni, hebu zisikilizeni kwa sikio la mwananchi. Nusu saa nzima ni nani amegombana na nani, nani amenunua gari, nani ameachana na mchumba. Masika yaliyopita alifariki mzee mmoja ambaye ngoma nyingi zinazopigwa katika vijiji vya Handeni na Korogwe zilichongwa kwa mikono yake. Arobaini yake ikapita, na hakuna redio hata moja iliyotamka kwamba mtu huyo aliwahi kuishi. Je, hiyo haikuwa habari ya muziki?

Kuna watakaosema, mambo ya ngoma yana uhusiano gani na siasa? Watu wa namna hiyo hawakijui Chama kilivyozaliwa. Mwaka 1955, TANU ilipokuwa changa na haina fedha wala magari, ilimtaka Titi Mohamed aingize wanawake katika Chama. Bibi Titi hakuwa mwanasheria wala karani. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, Dar es Salaam. Akawaendea viongozi wa vikundi vingine vya ngoma, mmoja baada ya mmoja, kwa sababu huko ndiko wanawake walikokuwa wamekwisha jipanga, wana viongozi, wana michango, na wana utii. Wakaingia kwa wingi hata wanaume wakashangaa. Kwa hiyo mwanachama anayeiona ngoma kuwa ni jambo la pembeni anaidharau ngazi aliyopandia.

Na Mwalimu, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika wazi wazi kwamba watu wetu walifundishwa kuzionea haya ngoma zao na kujisifia ngoma za wageni. Kasumba ile alidhani itatoka. Imetoka? Siku hizi anayetuonesha kwamba ngoma zetu ni za asubuhi, za wakati jua kali na viti vitupu, si Mzungu tena. Ni sisi kwa sisi.

Redio yenyewe ina historia yake. Ilianza Dar es Salaam mwaka 1951 chini ya mkoloni, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 serikali ikaitwaa, ikawa Radio Tanzania. Wazee wa hapa Manundu hukumbuka jinsi bendi zilivyopiga katika Klabu Raha Leo Show, na jinsi mtu wa Korogwe alivyojua bendi ile ni ipi na imetoka mji gani. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga zilisikika nchi nzima kwa majina yao. Hakuna aliyeziita "burudani nyingine kutoka Tanga". Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipounda bendi yake, kilinunua vyombo na kuwapa wapigaji mshahara wa mwezi kama wafanyakazi wengine. Bendi hiyo ikabadilika majina, JUWATA, kisha OTTU, na mpaka leo ipo, ndiyo Msondo Ngoma. Hiyo ndiyo nguvu ya kumhesabu mpiga gita kuwa ni mfanyakazi.

Walakini nisije nikaisifu enzi ile kupita kiasi, maana na yenyewe ilikuwa na dhambi yake. Bendi zilinaswa studio, zikalipwa kidogo mara moja, na nyimbo zikapigwa hewani miaka na miaka bila mtunzi kuona senti nyingine. Santuri zenyewe zilitengenezwa Nairobi kwa kuwa sisi hatukuwa na kiwanda. Mbaraka Mwinshehe, ambaye sauti yake inajulikana na kila mtu katika nchi hii, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Gita lake lingali linalia redioni mpaka leo. Shakila binti Saidi, mtoto wa Pangani, mahali mto huu wetu unapoingia baharini, alifariki mwezi Agosti 2016, na harusi nyingi za mkoa wa Tanga haziishi bila wimbo wake mmoja. Waulizeni wapigaji wa zamani walio hai walivyozeeka. Kwa hiyo sisemi turudi nyuma. Nasema kosa la wakati ule tumelichukua, lakini ile heshima ya kutaja jina tumeitupa.

Sasa watetezi wa redio wana hoja mbili, nami nimezisikia zote mbili sokoni.

Ya kwanza ni kwamba vikundi vyetu "vitapata kujulikana". Kujulikana vipi, ikiwa mitambo itawashwa wao wakiwa wamekwisha telemka? Na hata wangetangazwa, fundi wa mitambo halipwi kwa kujulikana, dereva wa lile gari halipwi kwa kujulikana, na mwenye kukodisha viti hakubali hata kusikia neno hilo. Ni mpiga ngoma peke yake anayeambiwa alishe watoto kwa sifa.

Ya pili ni kwamba ngoma ya kabila haina mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kulipwa. Hoja hii imevaa miwani ya kisomi lakini ni ya uongo. Iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inampa mpigaji haki ya kukubali au kukataa mchezo wake kutangazwa au kunaswa. Inazo pia kanuni za kulinda sanaa za jadi zisichumwe kibiashara bila idhini, na Baraza la Sanaa la Taifa ndilo lililopewa kazi ya kutoa idhini hiyo. Basi hilo neno "kwa kumbukumbu" lina mtego ndani yake. Sauti ikikwisha naswa bila karatasi, kesho utaisikia ikipigwa kati ya tangazo la sabuni na tangazo la simu, na bibi wa watu hajui hata kwamba ni yeye.

Nilikwenda kwa kiongozi wa kikundi cha selo, bibi aliyekwisha pita miaka sabini. Nilimkuta anaanika mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

"Bibi, mmepatana nini na watu wa redio?"

"Tumepatana tutakwenda."

"Na malipo je?"

Akaacha mahindi, akanitazama. "Mbona nyinyi mlipotuita hamkutuambia malipo? Mlisema mtatuletea. Mpaka leo tunangoja."

Niliona haya, wala sioni haya kuyaandika hapa. Tawi moja la Chama chetu, nami nalijua vizuri, liliwachukua kina mama hao katika lori mpaka kwenye mkutano wa hadhara. Wakacheza tangu asubuhi, wageni wakapokewa kwa shangwe, hotuba zikasemwa juu ya utamaduni wa Mwafrika, na jioni lori likarudi na viongozi. Kina mama wakarudi kwa miguu. Shilingi walizoahidiwa hazijafika. Sasa kwa uso gani sisi twende tukaipigie kelele redio? Mtu wa redio akituuliza, "Ninyi mliwapa nini?", tutamjibu nini?

Wako wenzangu watakaosema mambo haya ni ya ndani, yasiandikwe gazetini. Mimi nasema yaandikwe hapa hapa, kwa sababu wale kina mama hawakuchezeshwa ndani, walichezeshwa uwanjani.

Jumapili hii tawi letu lina kikao. Nimekwisha mwandikia katibu kuomba jambo hili liwe la kwanza, kabla ya habari za kadi na ada. Naomba deni la kikundi cha selo lilipwe kabla ya Jumamosi ya redio, kwa mchango wa wanachama kama hazina ni tupu, nami nimetanguliza wangu. Deni likikwisha lipwa, ujumbe wa watu watatu uende kwa wenye redio pamoja na viongozi wa vikundi vyote vinne, si kwa niaba yao bali nyuma yao. Wadai kikundi kimoja kimoja kitajwe kwa jina katika gari la matangazo na hewani. Kila kimoja kipate nafasi yake mitambo ikiwa imewashwa. Malipo yaandikwe kwenye karatasi na yatolewe kabla ya kupanda jukwaani. Na lolote litakalonaswa, nakala ibaki Manundu. Redio wakikataa, vikundi visipande, nasi wanachama tukae nao nje ya uwanja tuone watu wangapi watakusanywa na majina saba saa nne ya asubuhi.

Bibi nilimweleza haya yote. Alisema ujumbe wetu ni mzuri, ila fedha za lile lori aziletewe kwanza.