Kalamu ya Kufuta

Wapo watetezi wa Kanisa Katoliki wadaio hadi leo kwamba kitabu cha Copernicus hakikuharimishwa, bali kilisahihishwa tu. Husema hayo kwa fahari, kana kwamba aliyekatwa ulimi yampasa kushukuru kwa kuachiwa kichwa. Hoja hiyo haifai kupita bila ya kujibiwa, kwani ndani yake mna udhuru ambao kila mkaguzi wa vitabu, wa dini yoyote na wa zama zozote, angependa kuuazima.

Kitabu hicho, De revolutionibus, kilipigwa chapa Nuremberg mwaka 1543, kikiwa kimetabarukiwa kwa Papa Paulo wa Tatu. Tarehe 5 Machi 1616, idara ya Roma iliyosimamia Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa ilikisimamisha mpaka kisahihishwe. Na mwaka 1620 ikatangaza mahala pa kubadilishwa, kama kumi hivi.

Na yatazamwe hayo masahihisho. Sura ya 11 ya sehemu ya kwanza ilibeba kichwa kilichotaja burhani ya mienendo mitatu ya dunia. Ikaamriwa itajwe kwanza kuwa ni dhana. Mahala pengine jua, mwezi na dunia ziliitwa nyota tatu. Maneno hayo yakafutwa, kwa kuwa dunia haikuruhusiwa kuwa nyota. Hesabu zenyewe zikaachwa, maana zilikuwa na manufaa. Matunda yakaliwa, mti ukaambiwa haupo.

Hapo ndipo ulipo ubaya. Moto huacha jivu, na jivu ni ushahidi. Kalamu ya kufuta humwacha msomaji akidhani anamsoma mtunzi, kumbe anamsoma mkaguzi. Tena kazi hiyo alitwikwa mwenye kitabu mwenyewe, afute kwa mkono wake nyumbani kwake.

Je, walitii? Mwanahistoria Owen Gingerich, aliyezikagua nakala za chapa za 1543 na 1566 kwa miaka mingi, aliona kwamba huko Italia zaidi ya nusu zilifutwa, ilhali nje ya Italia takriban hapana. Nakala ya Galileo nayo ilifutwa, lakini kwa mistari myepesi, maneno ya chini yakabaki kusomeka. Mkono ulitii, jicho halikutii.

Wala hiyo dhana haikuwa kinga. Galileo alipotoa Dialogo mwaka 1632, alikuwa na idhini ya wakaguzi, na jambo lenyewe alilileta kwa sura ya mjadala. Mwaka wa pili yake alilazimishwa kuikana kauli yake, akafungiwa nyumbani hadi kufa kwake mwaka 1642. Orodha ya kwanza isiyowataja yeye na Copernicus ilitoka mwaka 1835.

Si kwamba Copernicus hakustahiki kusahihishwa. Alikosea, na aliyemsahihisha ni Kepler: mwaka 1609 alionesha kwamba njia ya Mirihi si duara bali ni duaradufu. Alifanya hivyo kwa jina lake, katika kitabu chake, kwa hesabu ambazo kila mjuzi aliweza kuzipima. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosahihishwa: kwa kitabu kingine. Nao waliojiita wasahihishaji walimlipa nini? Mwaka 1619 walikiharimisha kitabu chake, Epitome.