Namba 270 haitoshi kumuuzia mteja gari la umeme

Porsche Taycan iliyotumika inapotangazwa kuuzwa, namba inayotangulia huwa ni 270. Muuzaji wa Uingereza huiandika, dalali wa Nairobi huinakili, na mnunuzi wa Kampala huisoma kwenye simu yake: gari hili linachaji kwa kilowati 270, kutoka asilimia 5 hadi 80 kwa dakika 22 na nusu. Habari hiyo si uongo. Ndiyo iliyotolewa na kiwanda gari lilipoingia sokoni mwaka 2019, kwa toleo lenye betri kubwa. Toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2024 limepanda hadi kilowati 320. Tatizo ni kwamba karibu kila kinachoifanya namba hiyo iwe kweli kimebaki Ulaya, na kilichopanda meli ni gari peke yake.

Kwa wanaovusha magari Namanga, Malaba, Busia au Rusumo, hili si suala la matajiri tu. Gari la kifahari la umeme ni mtaji mkubwa uliofungwa kwenye mzigo mmoja. Faida ya miezi kadhaa inaweza kulala ndani ya gari moja, na hasara vilevile. Mteja akigundua kuwa gari aliloambiwa linajaa wakati anakunywa chai linahitaji usiku kucha na mchana wa kesho yake, hatapiga simu Stuttgart. Atamtafuta aliyemuuzia.

Mkanganyiko wa kwanza uko kwenye maneno. Kilowati ni kasi, uniti ni kiasi. Kila anayenunua umeme kabla ya kuutumia, awe wa LUKU, wa tokeni, wa Yaka au wa Cash Power, anaijua uniti: ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Betri kubwa ya Taycan za mwanzo hubeba uniti 84 hivi zinazotumika. Hilo ndilo pipa. Kilowati ni unene wa bomba linalolijaza. Muuzaji anayesema "gari lina kilowati 84" amechanganya pipa na bomba, na mteja anayejua kidogo atamshuku kwenye mengine yote.

Ukishaelewa pipa na bomba, swali linalobaki ni nani anaamua unene wa bomba. Jibu ni kwamba wanaamua watatu, na anayeshinda siku zote ni mwenye bomba jembamba kuliko wote. Kuna chanzo cha umeme, kuna gari lenyewe, na kuna betri kwa hali iliyo nayo saa ile. Gari la kilowati 270 kwenye mashine ya kilowati 50 ni gari la kilowati 50. Likichomekwa ukutani kwa waya wa kawaida ni gari la kilowati mbili na kidogo.

Hapo ukutani ndipo hasara nyingi zinapozaliwa, kwa sababu ndipo gari litakapolala. Umeme wa nyumbani ni wa AC, na betri hupokea DC tu. Ndani ya kila gari la umeme kuna chaja inayobadilisha umeme huo, na chaja hiyo haina uhusiano wowote na namba 270. Kwenye Taycan ya kawaida uwezo wake ni kilowati 11. Ya kilowati 22 ilikuwa ya kulipia zaidi. Tena hizo 11 zinapatikana pale tu nyumba ilipofungiwa umeme wa fezi tatu. Nyumba nyingi za mijini katika ukanda huu zina fezi moja, na hapo gari hilo hupata kilowati 7 hivi, likiwa na chaja ya ukutani iliyofungwa na fundi. Magari mengine yenye chaja ya kilowati 11 hushuka chini zaidi ya hapo yakipewa fezi moja.

Soketi ya pini tatu, ile ya pasi na birika, ni hadithi nyingine. Waya wa kuchajia unaokuja na gari hujibana usivute zaidi ya kilowati 2.3 hivi ili soketi isiyeyuke. Uniti 84 kwa kasi hiyo ni saa 36, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto, hesabu ya kweli inakaribia saa 40. Kwenye chaja ya kilowati 11 kazi hiyohiyo ni ya usiku mmoja. Kwa mteja anayetumia uniti 15 au 20 kwa siku kwenda kazini na kurudi, hata soketi ya ukutani inatosha, maana gari linalala saa kumi. Kwa anayetaka kwenda Mwanza kesho asubuhi, haitoshi. Muuzaji makini huanza kwa kuuliza mteja analaza wapi gari na nyumba ina fezi ngapi, kabla hata ya kuuliza anapenda rangi gani.

Mashine za kuchaji haraka ni za DC. Zinairuka chaja ya ndani na kusukuma umeme kwenye betri moja kwa moja. Hapa kuna mtego ambao hata mafundi wazuri huukosa. Taycan ilijengwa kwa mfumo wa volti 800, wakati magari mengi ya kizazi chake, pamoja na Mercedes EQS na BMW iX, yako kwenye volti 400 hivi. Volti 800 ndizo zinazoleta kilowati 270. Lakini mashine nyingi za zamani na za bei nafuu duniani haziendi juu ya volti 500. Taycan ikikutana na mashine ya namna hiyo hulazimika kupandisha volti yenyewe, na kifaa cha kufanya hivyo kwenye gari la kawaida kina kikomo cha kilowati 50. Kile cha kilowati 150 kililipiwa zaidi na mnunuzi wa kwanza, kama alikitaka. Kwa hiyo Taycan mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kusimama kwenye mashine moja ya kilowati 150, moja ikamaliza upesi na nyingine ikakaa zaidi ya saa moja na robo kutoka asilimia 5 hadi 80. Tofauti iko kwenye orodha ya vifaa vya gari, karatasi ambayo madalali wengi hawaiombi.

Anayefunga mashine hizo naye anaweza kuandika "kilowati 150" mlangoni wakati umeme wa kilowati 150 unapatikana gari likiwa peke yake tu. Magari mawili yakichomeka, mashine nyingi hugawana.

Wa tatu ni betri. Hata mahali ambapo mashine na gari vimekubaliana, kilowati 270 hazidumu. Ni kama basi stendini: abiria wa kwanza wanapanda kwa fujo na kukaa popote, wa mwisho wanapita mmoja mmoja wakitafuta kiti nyuma. Betri ikiwa chini ya nusu hupokea kwa nguvu. Ikikaribia asilimia 80 hupunguza kwa makusudi ili isiharibike, na asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda karibu sawa na zile 70 zilizotangulia. Ndiyo maana viwanda hutangaza muda wa kufika 80, si 100. Mercedes nayo husema EQS huenda kutoka 10 hadi 80 kwa dakika 31, kwa kilowati 200. Kasi ya juu kabisa ni ndogo kuliko ya Taycan, lakini betri yake, uniti 108 hivi, ni kubwa zaidi, kwa hiyo kila dakika inayosubiriwa inaingiza umeme mwingi wa kutosha. Anayelinganisha magari hayo mawili kwa namba ya juu peke yake atamdanganya mteja bila kukusudia.

Joto nalo lina neno. Ili ipokee kwa kasi yake yote, betri inatakiwa iwe na joto la karibu nyuzi 30. Huko Ulaya wakati wa baridi gari huipasha moto betri likiwa njiani, pale dereva anapoweka kituo cha kuchaji kwenye ramani ya gari. Mombasa au Dar es Salaam baridi si tatizo. Tatizo ni betri iliyopanda joto baada ya mwendo mkali na jua la saa nane, ambayo nayo hupunguza kasi mpaka ipoe.

Hesabu hizi zikiwekwa barabarani zinapata sura. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi. Gari zito la kifahari kwa mwendo wa wastani hutumia uniti 20 hivi kwa kila kilomita 100, yaani uniti 96. Halafu kuna mlima: kuliinua gari la tani 2.3 kutoka usawa wa bahari hadi mita 1,700 kunahitaji uniti 11 zaidi, na hizo hulipwa hata dereva akienda polepole. Jumla ni uniti 107, kwenye betri ya uniti 84. Dereva mwenye akili hafiki na betri tupu, hivyo anahitaji uniti 30 au zaidi njiani. Kwenye mashine ya kilowati 50 ni dakika 40 hivi, muda wa kula ugali na samaki. Kwenye kituo cha AC chenye fezi tatu, kilowati 11, ni karibu saa tatu. Kwenye soketi ya nyumba ya wageni ni saa 13. Gari ni lilelile, mwenye gari ni yuleyule, na namba 270 haikuingia popote kwenye hesabu.

Bado kuna jambo zito kuliko kasi, nalo ni kama waya utaingia. Magari ya Ulaya, pamoja na ya Uingereza, hutumia tundu la CCS2. Yaliyouzwa Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na hata Taycan iliyouzwa Tokyo ina tundu hilo. Ya China hutumia GB/T. Ya Marekani ni mengine tena. Mfanyabiashara wa Kenya, Uganda au Tanzania, nchi ambazo watu huendesha upande wa kushoto, hununua usukani wa kulia kutoka Uingereza na Japani bila kuona tofauti. Magari hayo mawili kwenye picha ni mapacha. Mnunuzi wa Rwanda, Burundi au Kongo, anayetaka usukani wa kushoto, huangukia Ulaya, Dubai au China. Yaani aina ya tundu inafuata njia ya meli, haifuati mpaka wa nchi, na gari linaweza kuvuka mipaka miwili kabla mtu hajafungua kifuniko chake kuangalia. Adapta zipo, lakini ni gharama nyingine, na si kila adapta hupitisha kasi yote.

Serikali za ukanda huu zimefanya kazi ya kuvuta magari haya. Rwanda iliyapa msamaha wa kodi mwaka 2021. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia, iliyo nafuu zaidi usiku. Jirani Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Lakini msamaha wa kodi haumwambii mnunuzi gari lina tundu gani, na bei ya usiku haimsaidii asiyeweza kuchomeka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inajua kufanya kazi ya namna hii ikitaka. Ilikubaliana dizeli yenye salfa kidogo kuanzia 2015, na ikakubaliana kwamba lori lisizidi tani 56 kwenye barabara zake. Tundu la kuchajia ni jambo dogo kuliko hayo. Mashine za barabara kuu kutoka Mombasa hadi Kigali, na kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, ziwe na CCS2 kama lazima, na kila anayetaka kuongeza aina nyingine aongeze.

Wapo watakaosema hatua hiyo inamnyonga mdogo anayeleta magari ya bei nafuu kutoka Japani. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu Japani ndiyo iliyowajengea mtaji wafanyabiashara wengi wa mipakani. Lakini hakuna haja ya kuyakataza magari yake. Gari la CHAdeMO ni gari zuri kwa mtu anayechaji nyumbani na haendi mbali, na bei yake inapaswa kulifuata hilo. Kinachotakiwa ni mnunuzi ajue kabla ya kulipa. Mfanyabiashara mwaminifu hapotezi chochote hapo. Anayepoteza ni yule anayeuza tundu la Japani kwa bei ya tundu la Ulaya.

Kusubiri makao makuu ya Arusha si lazima. Mkataba wa mauziano unaweza leo kuwa na mistari minne: tundu ni la aina gani, chaja ya ndani ni ya kilowati ngapi na kwa fezi ngapi, gari linapokea kilowati ngapi kwenye mashine ya volti 400, na betri ilipimwa lini ikabaki na asilimia ngapi ya uwezo wake. Mnunuzi akitia saini hapo, ugomvi wa baadaye unapungua sana. Na mamlaka za usajili zina kazi nyepesi zaidi. Kadi ya gari bado ina nafasi ya kuandika ukubwa wa injini kwa cc, nafasi isiyo na maana yoyote kwa gari lisilo na injini. Hapo ndipo pa kuandika CCS2, CHAdeMO au GB/T, ili afisa wa Busia, dalali wa Kampala na mteja wa Mbarara wasome kitu kimoja.