Usugu wa Dawa: Muuguzi Asibebeshwe Peke Yake

Mgonjwa anayeletwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kutoka Lodwar au Kapenguria, mara nyingi amekwisha kumeza amoksilini ya kemisti na kudungwa seftriaksoni katika hospitali ya kaunti. Bakteria waliobaki mwilini mwake huenda ni wale walioshinda dawa hizo. Anayewashika kwanza ni muuguzi.

Chukua wodi yoyote ya watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ana kanula mkononi na mpira wa kulishia puani. Muuguzi anampima joto, anamdunga dawa, anahamia kwa mtoto mwingine. Kila anapohama anatakiwa atakase mikono kwa sekunde 20 au 30. Akiwa na watoto wanne ataweza. Akiwa na 20, na mmoja ameacha kupumua, atamkimbilia huyo, na nani asingefanya hivyo? Hapo ndipo bakteria kama Klebsiella anapopata njia. Kumwita muuguzi huyo mzembe ni kumdhulumu.

Duniani, usugu huu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu takriban milioni 1.27 mwaka 2019, wengi kuliko waliouawa na UKIMWI au malaria mwaka huo.

Wengi huwalaumu wananchi wanaonunua vidonge bila kuandikiwa. Ni kweli, kemisti zetu zinauza ovyo. Lakini meropenemu, antibiotiki inayotegemewa dawa za kawaida zinaposhindwa, ni dawa ya sindano, na hutumika zaidi hospitalini. Bakteria wanaoishinda wanalelewa sana wodini: palipo na msongamano, maji yanayokatika na daktari anayebahatisha dawa kwa sababu kuotesha vimelea maabara huchukua siku mbili tatu, na hospitali nyingi ndogo haziwezi kabisa.

Kenya imekuwa na mpango wa kitaifa wa kukabili usugu tangu 2017. Lakini mpango haunawi mikono; wahudumu ndio wanaonawa. Na wahudumu wa mpango wa Afya kwa Wote (UHC) walioajiriwa kwa mikataba mwaka 2020 walilazimika kuandamana wakidai ajira ya kudumu. Utamfundishaje mtu kuzuia maambukizi wodini huku hajui kama mwakani atakuwepo?

Huduma nyingi za afya zimekuwa jukumu la kaunti tangu 2013. Kaunti zinazotuma wagonjwa Eldoret ziajiri wauguzi kwa kudumu, na zishirikiane kujenga maabara za kuotesha vimelea, ili mgonjwa afike na majibu mkononi pamoja na barua yake ya rufaa.